Garimoshi Lililosingiziwa

Mwaka 1967 garimoshi moja lilivutwa hadi bandari ya Barry, kusini mwa Wales, likaachwa hapo lingoje kukatwa. Halikuwa zee. Lilikuwa limetumika miaka minane tu, ilhali magarimoshi ya tabaka lake aghalabu hutumika miaka thelathini au zaidi. Silinda zake mbili za nje zilikuwa zimekwisha kuondolewa, na pamoja nazo mitambo iliyoziendesha. Ubavuni pake palibaki mapengo. Likapangwa safu moja na mamia ya wenziwe, pepo za bahari zikaanza kazi yao. Msomaji wa visiwani hana haja ya kuelezwa upepo wa chumvi unavyokifanya chuma kisicho mwenyewe: anayo bawaba ya dirisha lake ya kumhadithia.

Garimoshi hilo ndilo lililoitwa Duke of Gloucester, nambari 71000. Jina ni la Mwanamfalme Henry, nduguye Mfalme George wa Sita. Ndiye yule aliyekuja Nairobi mwaka 1950 kuukabidhi mji ule hati ya kuwa jiji. Lakini si utukufu wa jina unaonifanya niliandikie habari katika kurasa zilizozoea mashairi. Naliandikia kwa sababu lilihukumiwa kwa kosa lisilokuwa lake, likaitumikia adhabu hiyo hadi ukingoni mwa kifo, na waliokuja kulitoa hatiani si shirika lililolijenga, bali kikundi cha wapenzi waliojitolea kulisoma upya, kiungo kwa kiungo, kama mtu asomavyo mswada wa kale uliofutikafutika. Nani miongoni mwetu tunaoshughulika na miswada asiyeijua kesi ya namna hiyo?

Asili ya garimoshi hili ni msiba. Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 1952, katika stesheni ya Harrow and Wealdstone, nje kidogo ya London, treni ya usiku iliyokuwa ikitoka Scotland iliigonga treni ya abiria iliyokuwa imesimama. Mara treni ya tatu, iliyokuwa ikitoka London kwa mwendo wa kasi, ikavamia mabaki ya zile mbili. Watu 112 walipoteza maisha. Miongoni mwa vyombo vilivyovunjika kupita kutengenezeka ni Princess Anne, garimoshi lenye nguvu lililokuwa limerejea kazini mwaka ule ule baada ya kujengwa upya. Reli ya magharibi ikabaki na pengo.

Pengo hilo ndilo lililompa nafasi Robert Riddles. Reli za Uingereza zilikuwa zimetaifishwa mwaka 1948, na Riddles ndiye aliyesimamia uundaji wa magarimoshi mapya ya taifa zima, yatakayofanana vipuri na kurahisisha matengenezo. Kati ya mwaka 1951 na 1960 yalijengwa 999 ya mpango huo, ya madaraja mbalimbali. Daraja la juu kabisa, la nane, lilikuwa bado halijapata chombo. Riddles akapata ruhusa ya kujenga kimoja, na mwaka 1954 kikatoka katika karakana ya Crewe.

Kilikuwa chombo cha kujasiri. Kilikuwa na silinda tatu badala ya mbili, na vali zake zilifuata njia ya Arturo Caprotti, mhandisi wa Kitaliani. Yafaa nieleze kidogo, maana hapa ndipo penye kiini. Garimoshi la mvuke hufanya kazi kwa kuuingiza mvuke ndani ya silinda, uisukume pistoni, kisha utolewe ili mwingine uingie. Katika magarimoshi mengi kazi ya kufungua na kufunga njia hizo hufanywa na vali inayoteleza mbele na nyuma, na vyuma vinavyoiendesha vimefungamana, hata ukirekebisha wakati wa kuingia umegusa na wakati wa kutoka. Caprotti alitumia vali zinazoinuliwa na vinundu vya mhimili unaozunguka, kama zilivyo vali za injini ya motokaa. Kuingia kukawa na wakati wake na kutoka wakati wake. Mvuke ule ule ukafanya kazi kubwa zaidi.

Hayo yalikuwa kwenye karatasi. Njiani mambo yalikuwa mengine. Duke of Gloucester lilipangiwa zaidi treni za kati ya Crewe na Holyhead, bandari ya kuvukia kwenda Ireland, na madereva hawakulipenda. Wachocheaji makaa ndio waliolichukia hasa. Walijaza makaa, wakakoroga moto, na kila mlima ulipofika na treni ikawa nzito, mvuke ulipungua pale pale ulipohitajiwa. Lilipopelekwa Swindon kupimwa, matokeo yalikuwa ya kushangaza: silinda zake zilikuwa zikiutumia mvuke kwa ustadi wa hali ya juu kabisa, lakini boila haikuweza kuutoa mvuke huo kwa kiasi kilichotarajiwa. Kwa maneno mengine, msemaji alikuwa fasaha na pumzi haikutosha.

Lau wakati ungekuwa mwingine, pengine angetokea mtu wa kuuliza kwa nini. Lakini mwaka 1955 mamlaka ya reli ilitangaza mpango wa kuuacha mvuke na kuingia katika dizeli na umeme. Nani atahangaika kutibu mgonjwa wa ukoo unaozikwa? Duke of Gloucester likabaki pekee wa daraja lake, bila ndugu wa kuazimana naye vipuri, na sifa yake ikaandikwa: chombo kibovu, jaribio lililoshindwa. Mwaka 1962 likaondolewa kazini. Tarehe 11 Agosti 1968 shirika la reli la taifa likaendesha treni yake ya mwisho ya mvuke katika njia kuu, na ukurasa ukafungwa.

Hapa ndipo panapoingia jambo linaloniuma zaidi katika kisa chote. Awali garimoshi hili lilikuwa limewekwa katika orodha ya yale yatakayohifadhiwa na taifa. Baadaye ikaamuliwa kuwa kilicho na thamani ndani yake ni silinda na vali zake tu. Basi silinda moja ya nje ikakatwa, ikapasuliwa ili watazamaji waone umbo la ndani, ikapelekwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London. Ya upande wa pili ikaondolewa nayo, ili mzigo usielemee upande mmoja. Kilichobaki kikauzwa kwa uzito wa chuma. Sisemi kuwa waliofanya hivyo walikuwa wabaya. Walikuwa watunzaji, na walitunza kwa namna waliyoijua: kuutoa ubeti mmoja mzuri katika utenzi, kuutia fremu, na kuiachia mchwa sehemu iliyosalia.

Bandari ya Barry ilikuwa na tajiri wa vyuma chakavu aliyeitwa Dai Woodham. Alinunua kutoka shirika la reli magarimoshi 297. Ilisadifu kwamba alinunua pia mabehewa ya mizigo kwa wingi, na mabehewa yalikuwa mepesi kukatwa na ya faida ya haraka. Basi mafundi wake wakashughulika nayo kwanza, magarimoshi yakawekwa kiporo. Kiporo hicho kikadumu miaka ishirini. Wapenzi wa magarimoshi kutoka kila pembe ya Uingereza wakaanza kwenda Barry, wakichagua, wakiweka akiba, wakirudi na fedha. Woodham akawa mvumilivu kwao. Hadi safu ile ilipomalizika, magarimoshi 213 yalikuwa yameokolewa. Mfanyabiashara wa kukata vyuma akawa, bila ya kukusudia mwanzoni, ndiye mlinzi wa hazina ambayo serikali yenyewe ilikuwa imeitupa.

Ifahamike kuwa hao walionunua hawakuwa matajiri. Uingereza tayari ilikuwa na desturi ya watu wa kawaida kushika reli iliyoachwa. Desturi hiyo ilianzia Wales, kwenye reli ndogo ya Talyllyn, ambayo mwaka 1951 ilianza kuendeshwa na watu wa kujitolea wakiongozwa na Tom Rolt, ambaye alikuwa mwandishi wa vitabu. Walimu, makarani, mafundi na wastaafu walitoa Jumamosi zao, wakajifunza kazi zilizokuwa zikisahauliwa: kupiga ribiti, kufunga mabomba ya boila, kukata chuma kwa kipimo cha unywele. Nami niliyejifunza kusoma hati za zamani kwa taa ya kandili, pasi na mwalimu wala cheti, nawaelewa watu hao kuliko ninavyoelewa reli yao.

Mwaka 1974 kikundi kimoja cha watu wa namna hiyo kilinunua Duke of Gloucester. Wengi waliwacheka. Kati ya yote yaliyokuwa Barry, hili ndilo lililoonekana limekufa zaidi: halina silinda za nje, halina vali, wala halina ndugu ambaye angeweza kuvuliwa kipuri likavishwa. Wakalipeleka Loughborough, kwenye Reli ya Great Central, mahali pengine panapotegemea watu wa kujitolea, na kazi ikaanza.

Kazi yenyewe ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa haina hadithi: kutu, mafuta, sanduku la michango. Nitataja mambo mawili tu. La kwanza ni silinda. Silinda ya garimoshi si bomba tupu. Ni kipande kikubwa cha chuma chenye njia za mvuke zinazopinda ndani kwa ndani. Ili kuitengeneza huna budi kwanza uchonge umbo lake kwa mbao, mbao zifanyiwe kalibu ya mchanga, kisha chuma kisubiwe ndani yake. Kosa dogo katika mbao huwa kosa lisiloondoka katika chuma. Watu hao walisubisha silinda mbili mpya. La pili ni mitambo ya Caprotti, ambayo iliwabidi waitengeneze upya, kila nundu kwa umbo lake halisi, maana umbo la nundu ndilo linaloamua vali ifunguke lini na kwa kiasi gani.

Hawakuweza kuyafanya hayo kwa kukisia. Walihitaji michoro ya asili ya karakana, wakaitafuta na kuitumia. Na kwa kuwa walilazimika kukipima kila kipande na kukilinganisha na mchoro wake, waligundua jambo ambalo katika miaka minane ya kazi na vipimo vyote vya Swindon halikuwahi kutengenezwa: garimoshi halikuwa limejengwa kama lilivyochorwa.

Kosa lilikuwa chini ya tanuri. Moto wa garimoshi hukaa juu ya chanja ya chuma, na hewa ya kuupa uhai huingia kutoka chini kupitia vilango vinavyofunguliwa na kufungwa. Vilango hivyo vilikuwa vimetengenezwa vidogo kuliko vilivyo katika mchoro. Kila mwenye jiko la makaa nyumbani anajua maana yake. Ziba tundu la chini nusu, kisha uweke sufuria ya pilau ya harusi: utapuliza mpaka macho yatoke machozi, na makaa yatakutazama tu. Mchocheaji wa Duke of Gloucester aliongeza makaa juu ya moto unaokosa pumzi, na kila alipoongeza aliuziba zaidi. Kisha jioni akaandika katika ripoti kuwa garimoshi ni bovu.

Kulikuwa na la pili, na hili lilikuwa juu, katika dohani. Mvuke uliokwisha kutumika hurushwa kwa nguvu kupitia dohani, nao hupita na moshi. Moshi ukitoka, hewa mpya huvutwa kuingia kwenye moto. Hivyo garimoshi hujipepea lenyewe, na likifanya kazi zaidi hujipepea zaidi. Dohani ya Duke of Gloucester ilikuwa ndogo mno kwa chombo cha ukubwa wake. Mwakilishi wa kampuni ya Caprotti, L. T. Daniels, alikuwa amependekeza tangu wakati wa ujenzi utumiwe mpango bora zaidi, uliobuniwa kutokana na kazi za Mfini Kylälä na Mfaransa Chapelon. Hakusikilizwa. Waliolifufua walimsikiliza, na baadaye mpango huo ukawekwa.

Mwaka 1986 Duke of Gloucester liliwashwa moto tena, na katika miaka ya 1990 likarudi kwenye njia kuu. Milima iliyokuwa ikiliaibisha, ukiwamo mpando mashuhuri wa Shap kaskazini mwa Uingereza, likaipanda na mabehewa yake kwa nguvu iliyowafanya wajuzi waandike upya maoni yao. Lile jaribio lililoshindwa likahesabiwa miongoni mwa magarimoshi yenye nguvu kubwa kabisa yaliyopata kupita katika reli za nchi ile.

Sasa nirudi kwenye uwanja wetu. Miaka mingi nyuma nilikuwa nikifasiri utenzi mmoja kutoka nakala iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Nikafika penye kipande chenye mizani saba badala ya nane, na maana yake imelegea. Nikaandika pambizoni kwa wino: "Hapa mshairi amechoka." Nikaendelea na kazi. Baada ya miaka sita nikapata kuiona nakala nyingine ya utenzi ule ule, na kipande kile kilikuwa kamili, mizani nane, na neno lililokosekana ndilo lililobeba maana ya ubeti wote. Aliyechoka alikuwa mnakili. Mshairi alikuwa kaburini, hana wa kumjibia, na mimi nilikuwa nimekwisha kulisoma shairi lake mbele za watu kwa upungufu ule, nikiwataka radhi kwa niaba yake.

Ndiyo maana kisa cha vilango vile kimenikaa moyoni. Kasoro inapoonekana, sisi hukimbilia kuuliza ni nani aliyetunga, na mara chache huuliza ni nani aliyenakili. Riddles alilaumiwa kwa kilichofanywa na mkono mwingine. Na dawa yake haikuwa utetezi wa maneno. Ilikuwa kushika mchoro kwa mkono mmoja na kipimo kwa mkono wa pili.

Hata hivyo, haki inanitaka nitenganishe makosa yale mawili, maana hayalingani. Vilango vya hewa lilikuwa kosa la mnakili: mchoro ulisema hivi, chuma kikasema vile. Kuvirudisha katika kipimo chake ni kumrudishia mtunzi neno lake, na sidhani yupo wa kulipinga. Dohani ni jambo jingine. Hiyo ilijengwa kama ilivyokusudiwa, na waliolifufua garimoshi wakaibadilisha. Hapo hawakumsahihisha mnakili, walimsahihisha mtunzi. Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kama chombo kilichopo ni kile cha mwaka 1954 au ni kingine kilichovaa jina lake.

Mimi mbele ya shairi jibu langu ni kali: asiguse mtu. Mtunzi akikosea, kosa ni lake, na tuliache lisomwe. Lakini garimoshi si shairi. Kazi yake ni kuvuta, na chombo kilichohifadhiwa pamoja na ugonjwa wake hakihifadhi kitu alichokitaka mtunzi wake, maana Riddles hakukusudia garimoshi lisilo na pumzi. Zaidi ya hayo, waliobadilisha hawakuficha. Walieleza wazi lipi lilikuwa kosa la ujenzi na lipi lilikuwa uamuzi wao. Hilo ndilo sharti ninalowawekea pia wahariri wa mashairi: ukilazimika kutia mkono, onyesha ulipoutia. Lililowaharibia washairi wetu wa kale si mikono mingi tu, bali ni mikono isiyojitaja.

Na kuhifadhi chombo kinachofanya kazi hakuna siku kunakomalizika. Boila haiachiwi kupandishwa moto miaka yote kwa imani. Baada ya muda, ambao kwa kawaida nchini Uingereza ni miaka kumi, hufunguliwa, hukaguliwa na kutengenezwa upya. Katika miaka ya 2010 Duke of Gloucester lenyewe liliondolewa njiani kwa matengenezo makubwa, na wapenzi wake wakarudi kutembeza sanduku la michango, wengi wao wakiwa na mvi ambazo hawakuwa nazo mwaka 1974.

Afrika Mashariki nayo inayo magarimoshi yaliyotoka Uingereza katika miaka hiyo hiyo. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi limo Mount Gelai, moja ya magarimoshi makubwa 34 ya daraja la 59, yaliyojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima yetu. Yalivuta mizigo kutoka Mombasa kwenda bara, na walioyaendesha ni watu wa nchi hizi. Chuma kipo, na kinatazamwa. Lakini kisa cha Loughborough kinatufunza kuwa chuma peke yake hakijielezi. Lau michoro ya Crewe ingechomwa, Duke of Gloucester lingebaki na sifa yake mbaya hadi leo, hata kama lingepakwa rangi na kung'arishwa shaba. Kilicholiokoa ni karatasi iliyowekwa mahali fulani na mtu fulani ambaye huenda hakujua itamfaa nani.

Karatasi za namna hiyo zimo katika masanduku ya majumba yetu: daftari za mafundi, barua za manahodha, nakala ya pili na ya tatu ya utenzi ambao tunadhani tumekwisha kuujua. Mwenye nalo sanduku alifungue kabla mchwa hajalifungua. Ile nakala yangu ya kwanza bado ninayo. Maneno yale ya pambizoni nimeyapiga mstari mmoja, yasomeke, na chini yake nimeandika tarehe niliyoiona nakala ya pili.